Mstari Uliofutwa

Tarehe mosi ya mwezi, saa moja na nusu asubuhi, Bi Fundi alisimama mbele ya kidirisha cha mapokezi akiwa ameinua simu yake juu kama tiketi. Nyuma ya kioo alikaa karani mwenye miwani, mikono juu ya orodha. Bi Fundi ameshona sare za shule miaka thelathini na hajazoea kubembeleza mtu kwa kitu kilicho haki yake. Figo zake zilipogoma, hazikugoma pamoja na ulimi.

"Mama, nimeshakwambia. Jina lako leo halimo. Wewe ni wa kesho."

"Simu yangu inasema leo."

"Orodha yangu inasema kesho."

"Huu ujumbe mmeniletea nyie, au nimejiandikia mwenyewe?"

"Umetoka kwetu, mama."

"Na orodha imetoka wapi?"

"Kwenye mfumo."

"Na ujumbe?"

"Kwenye mfumo huohuo," alisema karani.

"Basi huo mfumo wenu una midomo miwili. Uite ule mdomo unaosema leo, tuongee nao."

Watu kwenye mabenchi wakacheka, ingawa hawakuwa na nguvu ya kucheka. Walikuwa sita, wote wamekuja kusafishwa damu, wote simu zao zinasema leo na orodha inasema kesho. Dereva wa lori aliyekuwa karibu na mlango alikuwa amevimba miguu mpaka viatu vimemkataa. Amekuja na ndala za mkewe. Kila mmoja wao hupata zamu baada ya siku tatu. Siku moja ikipita, maji hujaa mwilini, pumzi hupungua. Hilo si jambo la kuambiwa "vumilia kidogo."

Na ya jana yalikuwa makubwa zaidi. Jana, tarehe thelathini na moja, orodha ilitoka tupu. Mashine sita zilikaa siku nzima bila mtu, wauguzi wamekunja mikono, wagonjwa wako mlangoni na ujumbe wao kwenye simu. Jamani! Mtu angesema si wawekwe tu? Haiwezekani. Mirija na vichujio hutolewa stoo kwa orodha, na mtunza stoo ana sahihi yake ya kulinda. Asiye kwenye orodha hana mrija. Hao wa jana ndio waliokuwa kwenye mashine asubuhi hii, na wa leo wanaambiwa kesho.

Mwana wa kwanza wa Bi Fundi, ambaye mtaani wanamwita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yake, alimgusa mama yake bega. Alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili tu shuleni.

"Mama, twende nyumbani. Tutakuja kesho. Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Nimevaa vizuri."

"Mama, tafadhali."

"Wewe nenda ukafundishe. Mimi sibanduki hapa. Wakitaka kesho yao, watanikuta nimelala kwenye hili benchi." Akaketi, akavuta pumzi mara mbili kabla haijamtosha, kisha akabonyeza namba ya binti yake. "Kitinda? Kile kidude chenu kimenifukuza."

*

Binti mwenyewe hakuitwa Kitinda kazini, lakini sisi tumwite hivyo maana ndivyo anavyoitika. Ndiye kitinda mimba wa Bi Fundi, na ndiye aliyeuandika mfumo huo wa zamu, akiwa ameajiriwa na kampuni ndogo yenye vyumba vitatu juu ya duka la mabati. Alipopokea simu ya mama yake alikuwa ndiyo kwanza anapanda ngazi. Hakuweka hata mkoba chini. Akafungua kompyuta amesimama.

Ili tusiachane njiani, acha nieleze kwa lugha ya nyumbani. Programu za JavaScript, lugha mojawapo ya kompyuta, haziandikwi zote kuanzia sifuri. Mtu huenda kwenye ghala la wote, akachukua vifurushi walivyoandika wengine, kila kimoja kwa jina lake. Kimoja kati ya alivyochukua Kitinda kiliitwa hesabu-zamu. Kilikuwa kimeandikwa na mzee mmoja wa mbali asiyemjua, aliyekigawa bure kwa sharti moja tu, jina lake libaki. Mzee hakuwa amekigusa kwa miaka minne, na kilikuwa na ugonjwa: kila mwezi kilidhani una siku thelathini. Ukija mwezi wa siku thelathini na moja, zamu zote zinasogea siku moja mbele.

Kitinda alimwandikia mzee mara mbili, kimya. Akachukua nakala ya kifurushi, akakitibu, na bosi wake, Mkurugenzi, akaamuru kipewe jina jipya lenye jina la kampuni. Hapo ndipo pana mtego. Ndani ya mfumo kulikuwa na kifurushi kingine, kile kinachochapa orodha ya mapokezi, na hicho tangu kuzaliwa kinakijua hesabu-zamu kwa jina la zamani. Kikikihitaji hukiita kwa jina hilo, na ghala humletea aliyeitwa: yule mgonjwa. Ujumbe wa simu unakokotolewa na kipya, orodha inakokotolewa na cha zamani, na vyote viwili vinakaa nyumba moja bila kusalimiana.

Kitinda aliliona hilo mapema. Akaandika mstari mmoja kwenye faili kuu, unaosema: yeyote ndani humu atakayemwita hesabu-zamu, apewe hiki cha kwetu. Akajaribu mara kumi. Orodha na ujumbe vikakubaliana, akaenda kulala akiwa na amani.

Sasa alilitazama faili hilo juu mpaka chini, akarudi juu. Mstari haukuwepo.

"Nani kaufuta?" aliuliza chumba kizima, na chumba kizima kilikuwa na mtu mmoja, mwanamume wa makamo waliyemwita Naam, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila agizo la Mkurugenzi.

Naam alijifanya hamnazo. Akahamisha kikombe cha chai kutoka kulia kwenda kushoto.

"Naam, nakuuliza wewe. Mama yangu yuko pale kwenye benchi."

"Sikujua kama ule mstari una kazi," alisema Naam polepole. "Ulikuwa umeandikwa jina la kifurushi cha yule mzee. Bosi alisema wateja wakikagua faili wasilione. Alisema vifutwe vyote vyenye jina la nje. Mimi nikaona mfumo bado unawaka, nikajua ni salama."

"Ungeniuliza!"

"Ulikuwa likizo ya siku mbili. Ulimpeleka mama hospitali."

Kitinda alitaka kumtukana, na angemtukana vizuri tu, ana ulimi wa mama yake. Lakini Mkurugenzi alikuwa ameshasimama mlangoni, amenyoa, amepulizia manukato, na mkononi ana karatasi moja iliyochapwa.

"Njoo ofisini kwangu," alisema. "Metroni wa kitengo cha figo anafika saa nne. Lazima tumalize kabla hajafika."

*

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini," Kitinda alisoma, "nakiri kwamba kwa uzembe wangu binafsi nilisababisha hitilafu..." Akaiweka karatasi mezani. "Bosi, hii si kweli."

"Ni lugha ya kiofisi tu. Mteja anataka kuona mtu amewajibika. Ukisaini, unabaki kazini chini ya uangalizi, mambo yanapoa. Usiposaini, sina jinsi."

"Nirudishe ule mstari kwanza. Ni dakika kumi. Halafu tugombane."

"Huo mstari haurudi."

Kitinda alidhani hakusikia vizuri. Mkurugenzi akaegemea mbele na kushusha sauti, maana ukuta wa ofisi yake ulikuwa mbao nyembamba.

"Tuliwaambia kila kitu ni chetu. Kila kitu, mpaka nukta. Ndiyo maana wametupa hospitali nzima, si kitengo kimoja. Leo wafungue faili wakute jina la mtu wa nje, uso wangu nitauweka wapi? Tafuta njia nyingine."

"Njia nyingine ni kukichukua na kile cha orodha, nikifumue, nikijaribu chote upya. Siku nne nikikimbia. Watu wanaosafishwa damu hawana siku nne."

"Wataandika orodha kwa mkono."

"Stoo haikubali ya mkono. Halafu, bosi, kile kitu ni cha yule mzee kweli. Katupa bure. Sharti lake moja, nasi tumelifuta."

"Utamlisha mama yako kwa masharti ya huyo mzee?" Mkurugenzi akasukuma kalamu mpaka ikamgusa vidole. "Una saa moja."

Kitinda alitoka. Hasira alikuwa nayo, lakini woga ulikuwepo pia, tusidanganyane. Nyumba yao ya vyumba viwili inasimama kwa mishahara miwili, wa kwake na wa Mwalimu, na wa kwake ndio mrefu. Akaketi kwenye ngazi, chini yake mabati yanapakiwa kwa kelele, akampigia kaka yake.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo Kitinda alijua atalisema. "Saini."

"Kaka!"

"Saini, mdogo wangu. Karatasi haiumi. Mimi pale shuleni nimesaini mangapi? Nimesaini kwamba nimepokea vitabu ambavyo sijawahi kuviona. Nipo, nakula, napumua. Mimi siwezi peke yangu, unajua. Siku ukikosa kazi, nauli tu ya Mama kuja hapa mara mbili kwa wiki tunaitoa wapi?"

"Nikisaini, mstari haurudi. Kesho watu wengine watasimama palepale."

"Utaurudisha kimyakimya baadaye."

"Naam atatumwa aufute tena."

Kukawa na mkwaruzo, simu ikabadilisha mikono. Sauti ya Bi Fundi ilikuja ikiwa imekatikakatika, kila maneno matatu anatafuta hewa, na Kitinda alihisi machozi yanapanda.

"Nimesikia... huyu ameweka sauti juu kama redio. Nijibu moja. Ulizembea?"

"Hapana, Mama."

"Una hakika? Usinionee haya mimi."

"Sikuzembea. Niliufanya vizuri, wakaufuta."

"Basi usithubutu. Mimi pindo likifumuka ni langu, nasema langu, nashona upya bure. Lakini mtu akachane gauni kwa mkasi wake... halafu nikubali nilishona vibaya? Nife kwanza."

"Mama, usiseme kufa."

"Nasema! Nani atanizuia? Nipo hapa, nimekaa. Dereva wa lori kajilaza chini sasa, benchi limemshinda. Na sisi wote hatuondoki. Fanya la kwako huko."

Kitinda alifuta uso kwa kiganja, akapiga moyo konde, akapanda ngazi.

*

Metroni alifika saa nne kasoro, mwanamke mfupi mwenye viatu vyeupe na daftari jeusi. Hakukubali chai. Mkurugenzi alimkaribisha kwa tabasamu pana, akamvutia kiti, akamsifia kitengo chake kwa usafi, akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Metroni akamwacha amalize.

"Jana mashine zangu zimekaa bure," alisema. "Leo nina watu sita sakafuni. Nataka kujua moja tu. Itatengemaa lini?"

"Tumeshambaini mhusika, na yuko tayari kuwajibika." Mkurugenzi akageuka kwa Kitinda na kuisogeza ile barua mbele yake. "Saini, tafadhali."

Naam, aliyeitwa awe shahidi, alikuwa anatazama kucha zake.

"Sisaini," alisema Kitinda.

"Samahani?"

"Sisaini, bosi. Sikuzembea. Na Metroni ameuliza lini, hajauliza nani." Akamgeukia mgeni. "Shikamoo, Metroni. Naomba nieleze kwa mfano wa kwako. Una dawa ina kasoro. Umeleta nyingine nzuri, umeiweka kabatini kwa lebo mpya. Wauguzi wa zamu ya mchana umewaambia, wanachukua mpya. Muuguzi wa usiku hujamwambia. Yeye anajua jina la zamani. Atafanya nini?"

"Ataenda stoo ataomba ya zamani," alisema Metroni papo hapo.

"Na stoo watampa?"

"Kwa nini wasimpe? Ameiita kwa jina lake."

"Ndicho kinachofanyika kwenye orodha yako. Ujumbe unatumia mpya. Orodha inaomba ya zamani na inapewa. Mimi nilibandika karatasi kwenye mlango wa stoo: anayeomba ile, mpeni hii. Karatasi hiyo imebanduliwa, kwa sababu imeandikwa jina la mtu aliyetengeneza dawa ya kwanza, na hapa watu waliambiwa yote ni yetu."

Mkurugenzi alicheka kicheko kikavu. "Mtoto huyu amechanganyikiwa. Mama yake ni mgonjwa pale kwako, ana—"

"Mama yake ni yupi?" aliuliza Metroni.

"Bi Fundi," alisema Kitinda.

"Ahaa. Yule." Metroni akafungua daftari, akalifunga. "Aliyebandua karatasi ni nani?"

Kisha Naam, ambaye katika maisha yake ya kazi hakuwahi kusema lolote kabla ya kuulizwa mara mbili, akasema huku akitazama kucha zake, "Ni mimi. Niliagizwa."

"Nyamaza wewe!" alifoka Mkurugenzi.

"Naam," alisema Naam, akanyamaza. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Kitinda hakungoja. Aliivuta kompyuta yake kwenye meza ya Mkurugenzi, katikati ya barua na bilauri ya maji, akaanza kuandika.

"Usiguse hicho kitu! Nimesema usiguse. Ukigusa, kazi huna, unasikia? Huna kazi!"

"Nasikia," alisema Kitinda, na vidole havikusimama. Aliogopa, na aliandika hivyohivyo, mstari mmoja, jina la zamani kushoto na jipya kulia. Akaviamuru vifurushi vipangwe upya. Akaendesha majaribio, akayasubiri yote, hakuruka hata moja, kwa kuwa hapo ndipo angezembea kweli. Metroni alikaa wima akitazama saa yake. Dakika kumi na moja zilipita, Mkurugenzi akitembea toka dirishani hadi mlangoni.

"Tayari. Mwambie karani aifungue orodha upya."

Metroni akapiga simu mwenyewe. Sauti ya karani ikasikika chumba kizima, kwanza ya kusinzia, kisha ikaamka. "Imebadilika, Metroni. Wale sita wa benchini wote wamo. Wa leo. Na Bi Fundi yumo, afadhali, ameniweka roho juu tangu asubuhi."

"Wa jana wakishuka kwenye mashine, pandisha hao. Mwambie mtunza stoo orodha ndiyo hiyo." Akakata, akasimama.

"Metroni, nakuhakikishia hatua kali—" alianza Mkurugenzi.

"Hatua zako ni zako. Mimi nina wagonjwa."

Hakumtetea Kitinda, na Kitinda hakulitarajia hilo. Kitinda aliichukua tu ile barua ya uzembe, akaigeuza upande mtupu, akaandika kwa ile kalamu aliyosogezewa: mstari wenyewe, herufi kwa herufi, na chini yake maneno machache. *Ukiondolewa huu, orodha itaharibika tena mwisho wa mwezi wenye siku thelathini na moja.* Akampa Metroni. Metroni akaikunja mara mbili na kuitia ndani ya daftari.

Kisha Kitinda akachukua mkoba wake ambao hakuwa ameufungua tangu asubuhi.

*

Saa nane mchana Bi Fundi alikuwa amelala kitandani, mirija miwili mkononi, mashine pembeni inazunguka. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia na pumzi zilikuwa ndefu. Mwalimu alikuwa amekwenda shuleni amekunja uso, bila kumsemesha mdogo wake. Angemsemesha jioni, na yangekuwa mengi. Kitinda alikaa kwenye kigoda, akihesabu kichwani mahali anakoweza kupeleka barua za kuomba kazi. Zilikuwa sehemu tatu, na mbili zinamjua Mkurugenzi.

Simu ikaita.

"Nani?" aliuliza Bi Fundi bila kufumbua macho.

"Bosi."

"Ulisema amekufukuza."

"Amenifukuza."

"Basi pokea tumsikie aliyefukuza anataka nini. Weka sauti."

Mkurugenzi alikuwa mpole ajabu. Akasema mambo ya asubuhi yalikuwa ya hasira tu, sisi ni familia. Akasema kesho bodi ya hospitali inakagua mfumo, na Naam amekataa kata kata kugusa lile faili, sijui kaingiwa na nini. "Wewe unaweza kulipanga upya leo jioni, lile jina lisionekane. Fanya hivyo tu, kesho uko mezani kwako, na mshahara nauangalia."

Kitinda alitazama mashine. Hakuna aliyemwona isipokuwa mama yake, ambaye sasa alikuwa amefumbua jicho moja. Nisiseme uongo, aliutamani ule mshahara. Aliutamani hasa.

"Nikilipanga upya kwa jioni moja bila majaribio, nitawaharibia tena," alisema. "Na jina ni la mwenye kazi yake. Silifuti."

"Utajuta, binti."

"Huenda. Lakini faili unalo, bosi, na mstari unaujua. Ufute mwenyewe kwa kidole chako."

Bi Fundi akanyoosha mkono wake usio na mirija. "Nipe."

"Mama, tulia, usijitikise."

"Nipe simu." Akaiweka sikioni. "Haloo, Mkurugenzi. Mimi ni mama yake. Niko kwenye mashine, damu yangu sasa hivi iko nje ya mwili wangu, inapita kwenye mrija. Bado saa mbili na nusu irudi yote. Ulikuwa unasema unataka kufuta nini?"

Alingoja. Akangoja tena. Dereva wa lori kitanda cha jirani aliinua kichwa asikie jibu.

"Amekata," alisema Bi Fundi. "Na hata hakuniaga."

Kitinda alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, yeye mwenyewe hakujua, na mama yake akamwacha. Simu ikaita tena, jina lilelile. Bi Fundi akaisukuma chini ya shuka, wakaiacha iite huko mpaka ikanyamaza yenyewe.